Moyo wa Mbeba Lumbesa

Ukifika Rujewa hata leo, kule kwenye mashine za kukoboa mpunga, uliza Asukile. Jina la ukoo achana nalo, watakushangaa. Sema Asukile Winchi. Watakuonyesha mlango aliokuwa anapita na gunia la lumbesa begani, lile linalojazwa mpaka linafungwa kilemba juu, wakati vijana wenye mikono kama miiko wamesimama pembeni wanakuna vichwa. Tena habebi kimya. Anabeba huku mdomo unafanya kazi kuliko miguu.

"Pisheni, pisheni, treni haina breki! Nani kamsimamisha mtoto wa watu hapa kama nguzo ya umeme? Sogea baba, nitakuchanganya na pumba!"

Shule aliiacha mapema. Walipofika kwenye hesabu za kugawanya akasema hizo ni hesabu za watu wachoyo, akashuka zake bondeni Usangu kutafuta maisha. Gunia likamlea. Gunia likamwolea mkewe Tupokigwe, likamjengea nyumba ya tofali za kuchoma huko kwao milimani juu ya jiji la Mbeya, kule ambako mwezi wa sita ukitema mate unaogopa yasigande njiani. Ila gunia halitoi bure. Lilimpa nyumba, likachukua magoti na mgongo.

Akarudi nyumbani kulima viazi, anatembea kama kaa. Na Asukile huyo alishatangaza dunia nzima kwamba hajawahi kumeza kidonge, hata Panadol, kwamba yeye malaria ikimwona inaomba radhi. Sasa mtu wa namna hiyo ataenda hospitali kusema magoti yanauma? Alienda mnadani. Kuna jamaa anapanga dawa chini kwenye turubai, pembeni ya wauza nyanya. Akampa vidonge vidogo vyeupe kwenye vikaratasi. "Mzee, meza hivi, utacheza ngoma."

Na kweli bwana, magoti yakanyamaza. Asukile akawa anameza kimyakimya chumbani, mwaka ukaisha, mwingine ukaja. Mashavu yakajaa. Shingo ikanenepa. Tumbo likawa linafika kanisani kabla yake.

"Asukile, siku hizi unakula nini?" watu wanamwuliza.

"Nakula raha. Nyie endeleeni na mchicha."

Kwetu huku mtu akinenepa hatumwulizi anaumwa nini. Tunamwuliza siri. Tupokigwe mwenyewe alikuwa anatembea na yale mashavu ya mumewe kama ameyapika yeye.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeyatilia shaka, na huyo mmoja alikuwa haruhusiwi kusema. Ni Anjela, mke wa Gerson, mtoto wao. Anjela ni Mhehe, mtu wa Mlandege pale Iringa. Sasa kwa Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe ni kama moto na petroli. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Binti chumbani kwa baba mkwe haingii, jina lake halitamki, na akimwona anakuja njiani anajitupa pembeni hata kama pembeni kuna miiba. Wasichana wa Kinyakyusa wenyewe siku hizi wanaulegeza huo mwiko, wengine wanakaa na baba mkwe wanaangalia taarifa ya habari. Lakini Anjela alishasikia wanawake kisimani wanasema Wahehe wana kiburi, huyu hataweza. Basi akaushika mwiko mpaka mwiko wenyewe ukaomba kupumzika. Kitongoji kizima kikamsifu.

Mwaka huu mpunga ulipoiva, Tupokigwe na Gerson walishuka Rujewa kuvuna shamba lao la kukodi. Asukile alikuwa aende, tena alishaanza kuwatambia kwamba atawafundisha kazi, mafua yakamshika. Mafua makali, homa, mwili mzima kama umepigwa na mchi. Wakamwacha. Na Anjela akabaki kumpikia.

Walivyokuwa wanaishi wale watu wawili, ungecheka. Anjela anaweka chakula kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba, anakohoa, anakimbilia jikoni. Asukile anatoka, anakula, anagonga sahani na kijiko kuonyesha amemaliza. Kukiwa na neno la lazima, wanalipitisha kwa kuku. Kuku yule mwekundu alikuwa anatagia karibu na ukuta wa jiko, akawa mkalimani.

"Wewe kuku," Anjela anasema akiwa jikoni, "hebu uliza huko ndani, mafua yameachia?"

"Kuku," Asukile anajibu, "waambie mafua yalishakimbia. Yalikuta mwanaume."

Hayakukimbia. Kamasi ziliisha, ndiyo, homa ikashuka. Lakini kilichobaki Asukile hakukielewa. Kutoka chumbani mpaka chooni pale nyuma ya migomba, anasimama njiani kama gari limeishiwa mafuta. Kifua kinabana. Moyo unakwenda ovyo, mara mbio kama umetumwa, mara unaruka pigo moja, unatulia, yeye anangoja, ngoja, ngoja, ndiyo unarudi kwa kishindo kama mtu kajikwaa. Akilala chali anazama. Akaanza kulala amekaa, mgongo ukutani, mito yote ya nyumba nyuma yake. Asubuhi akiangalia miguu, viatu vinakataa kuingia.

"Baridi," akajiambia. Akaongeza vile vidonge vyeupe, viwili viwili, mpaka kikaratasi cha mwisho kikaisha. Akakitupa dirishani kama kawaida yake.

Siku mbili bila vidonge, ndiyo mambo yakaharibika.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa mlangoni kama mgeni asiyeaga. Asukile alijua uji uko nje kwenye kigoda, alisikia kikohozi cha mkwe. Akataka kuinuka. Miguu ikakataa, ikawa kama ya mtu mwingine. Jasho la baridi likamtoka. Alikuwa amefunga mlango kwa komeo la mti mgumu wa mlingoti, alilolichonga mwenyewe na kujisifia kwa majirani kwamba hilo hata ng'ombe dume halivunji. Alikuwa anafunga kila siku tangu mkewe aondoke, ili mkwe asije akafungua kwa bahati mbaya akamwona. Sasa komeo liko kule, yeye yuko huku, na katikati chumba kimekuwa kirefu kama barabara ya Makambako.

Uji ukapoa. Akasikia nyayo za Anjela zinakuja kuchukua bakuli, zikasimama.

"Kuku," sauti ikasema, "uliza huko ndani, mbona uji haujaguswa?"

"Kuku... waambie..." Akavuta pumzi. Pumzi ikaja nusu. "Waambie nimeshiba."

Halafu akamsikia Anjela anapiga simu uani, ameweka spika, sauti ya Tupokigwe inakatikakatika na kelele za watu shambani.

"Mama, baba hapumui vizuri. Anakoroma yuko macho. Mlango amefunga."

"Usiingie wewe! Mwanangu, unanisikia? Usiingie. Kamwite Kasian jirani, mwite mwanaume yeyote!"

"Mama, wanaume wote wameenda msibani kule ng'ambo ya bonde. Nimezunguka nyumba zote."

"Basi tafuta..." Mtandao ukakata.

Asukile akatabasamu kidogo, maana hata akiwa anakufa utani haumwishi. Akafikiri, sasa hapa nitakufa kwa sababu ya msiba wa mtu mwingine. Lakini moyo ukaruka tena, ukangoja, ukangoja zaidi, na safari hii tabasamu likafutika. Akaogopa. Aliogopa kweli, uoga wa mtoto aliyepotea sokoni.

"Baba."

Haikupitia kwa kuku. Ilikuja moja kwa moja, mdomo umewekwa kwenye mbao za mlango.

"Baba, fungua."

Tangu aolewe hakuwahi kumwita. Asukile akafumba macho. Akiufungua huu mlango, mkwe atamkuta na kaptula ya kulalia, miguu imevimba, kopo la mkojo chini ya kitanda. Kitongoji kitasema Mhehe kaingia chumbani kwa mkwewe. Watamcheka Winchi, watamcheka na yeye binti wa watu, ile sifa yote imemwagika. Asipoufungua, hakuna wa kumcheka. Watalia tu, wataimba, watasema alikuwa na mashavu mazuri.

"Baba, nakuomba. Nitafumba macho nikiingia. Nitafumba kabisa. Fungua tu."

Akajisukuma kutoka kitandani, akaanguka kwa magoti. Akatambaa. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi kama chuma. Akapumzika. Akatambaa. Kifuani kama mtu amesimama na buti. Akafika mlangoni, akainua mkono, komeo likawa zito, na yeye ndiye alilichonga zito. Akalipiga na kiganja kwa chini. Likasogea. Akalipiga tena, likadondoka, likamkosa kichwa.

Anjela aliingia amefumba macho kweli. Akamkanyaga vidole.

"Mama weee! Fumbua macho, utaniua kabla ya siku yangu!"

Akafumbua. Wakaangaliana, mara ya kwanza. Binti alikuwa na macho mekundu na unga wa uji kidevuni. Alimfunga kanga kiunoni, akampitisha mkono kwapani, wakatoka.

Bodaboda aliyekuwa anapita barabarani alikuwa Isaka, yule ambaye mwaka jana Asukile alimtania mbele ya watu kwamba pikipiki yake inakohoa kuliko mgonjwa. Alipowaona akapaki katikati ya majani ya viazi.

"Mzee Winchi! Leo umekuwa mzigo?"

"Isaka," Anjela akamkata, "hana pumzi. Twende."

Isaka akamwangalia mzee usoni, utani ukamwisha. "Atakaaje sasa na hilo tumbo? Lazima mtu amshike nyuma."

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Ni mishkaki, watu watatu pikipiki moja: Isaka mbele, Asukile katikati, na nyuma yake mkwe amemkumbatia kwa mikono miwili ili asidondoke. Baba mkwe na mkwe wake, kifua kwa mgongo, mchana kweupe, mpaka mjini. Walipita kanisani. Walipita kisimani, wanawake wakasimama na ndoo vichwani, midomo wazi. Mmoja akapiga yowe la Kinyakyusa, Asukile akalisikia vizuri sana na maana yake akaielewa. Anjela hakugeuka. Kila pikipiki ikiruka shimo, alikuwa anamwambia sikioni, "Pumua, baba. Pumua tena. Tena."

Hospitalini walimweka hewa ya mtungi puani, wakambandika nyaya kifuani, karatasi ikawa inatoka na mistari kama mwandiko wa mlevi. Daktari alikuwa binti mdogo anaitwa Goodness, ana kalamu nyweleni. Alikuwa anaongea haraka na mikono inafanya kazi hukohuko, mambo ambayo Asukile aliyaheshimu.

"Mzee, ulikuwa na mafua karibuni?"

"Yalipita tu kunisalimia."

"Hayakupita. Mafua ni virusi. Naona vimeshuka mpaka kwenye nyama ya moyo. Moyo wako umevimba, unasukuma damu kivivu, na umeme wake umevurugika. Sasa hii inampata hata mtu mwenye afya njema, lakini kwako imekuwa mbaya sana kuliko nilivyotegemea. Nataka kujua kwa nini mwili wako haukupigana. Tumekupima virusi vya ukimwi, huna. Sukari imepanda kidogo. Kuna dawa unatumia?"

"Mimi?" Asukile akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Dokta, mimi kidonge sijawahi kumeza. Uliza Rujewa yote."

"Za miti shamba? Za kununua dukani?"

"Hamna."

Nesi akasoma mashine ya presha, akaita namba. Daktari akaisoma mwenyewe, akakunja uso. Akaagiza dripu nyingine. Baada ya muda wakapima tena, imeshuka zaidi. Asukile alikuwa anaona sura zao kama zinarudi nyuma, dari linasogea juu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Haishiki," daktari akamwambia nesi. "Moyo peke yake hautoshi kuleta hivi. Kuna kitu hatujaambiwa. Mzee, nakuuliza mara ya mwisho, maana nikikisia vibaya nakuua. Kuna dawa yoyote umeiacha juzi juzi?"

Asukile akaangalia pembeni. Angesema nini? Kwamba nguvu ya Winchi ilikuwa inanunuliwa mnadani kwenye turubai, karibu na nyanya? Mashavu yale kanisani? Mlangoni Anjela alikuwa amesimama nusu ndani nusu nje, uso umeelekea korido, kama mwiko unavyotaka. Kwa kona ya jicho Asukile akamwona anageuka.

Akajua. Hakujua anajuaje, lakini akajua binti anajua. Akamkazia macho, yale macho ambayo vijana wa mashine walikuwa wakiyaona wanasogea wenyewe. Kumgusa baba mkwe ni jambo moja, ugonjwa utalisamehe. Kumwambia uongo wake usoni, mbele ya watu baki, hilo halina jina.

"Anatumia," Anjela akasema.

"Nani amekuuliza?" Asukile akanong'ona.

"Dokta, anatumia vidonge vidogo vyeupe. Kwa muda mrefu, nilipoolewa nilimkuta navyo. Vikaratasi anavitupa dirishani na mimi ndiye ninayefagia uani. Mama yangu mdogo kule Mlandege alivimba uso hivihivi, shingo hivihivi, wakamwambia ni hivyo vidonge. Nilijua. Nilishindwa kusema kwa sababu..." Akamtazama mzee. "Kwa sababu ni baba mkwe. Juzi sikukuta kikaratasi, wala jana. Nafikiri vimeisha."

Daktari alimgeukia mzee. "Ni kweli?"

Moyo ukaruka. Asukile akangoja urudi. Katika ile kungoja akamwona Anjela bado hajainamisha uso. Hata mkewe hajawahi kumwangalia hivyo.

Moyo ukarudi.

"Ni kweli," akasema. "Vya magoti. Vimeisha juzi."

Hapo watu wakakimbia. Daktari akaita dawa kwa jina refu, nesi akaichoma kwenye mshipa, mwingine akashika mfuko wa dripu na kuukamua kwa mikono. Huku anafanya kazi daktari anamweleza Anjela, siyo mzee: vile vidonge ni dawa halali, ila vinawekewa kipimo. Ukimeza miaka vinailaza kinga ya mwili, ndiyo maana virusi vya mafua vimeingia moyoni bila mtu wa kuvizuia. Na mwili unasahau kutengeneza dawa yake yenyewe, ukiviacha ghafla presha inaanguka kama mti. "Huwezi kuviacha siku moja. Tutampunguzia polepole, tukiwa tunamwangalia. Na moyo tutausaidia na dawa zake. Lakini sikuahidi kitu, dada. Leo na kesho ndizo ngumu."

Siku hiyo yote Asukile alikuwa anaingia na kutoka, mara yupo, mara hayupo. Kila akifumbua macho Anjela yuko kwenye kiti, mkono wake juu ya mkono wa mzee, maana nesi alimwambia akiona mzee anatoka jasho la baridi aite haraka. Mara moja tu, jioni, Asukile aliuliza, "Kwenu Iringa mnasalimianaje?"

"Kamwene."

"Na mtu anajibu nini?"

"Kamwene hiyohiyo."

"Mmerahisisha maisha," akasema, akalala.

Kesho yake mchana presha ilikuwa imesimama mahali pake. Moyo bado unajikwaa, ila siyo kila hatua. Daktari Goodness aliweka mpira wake wa masikioni kifuani, akasikiliza muda mrefu.

"Bado," akasema.

"Bado nini, Dokta? Bado nipo au bado sijapona?"

"Yote mawili. Miezi kadhaa hubebi kitu, mzee. Hata ndoo. Ukibeba, moyo huu utapanuka kama mpira wa baiskeli ya zamani, na hatutaweza kuurudisha. Huenda ukapona wote, huenda nusu. Hatujui."

"Hata ndoo ndogo?"

"Hata kikombe kikiwa kimejaa sana."

Daktari alikuwa hajafika mlangoni, Tupokigwe akaingia mbio, pumba za mpunga zimejaa kwenye kilemba, Gerson nyuma yake na matope ya jaruba mpaka magotini. Mama alimwona mumewe yuko hai, akapiga makofi kumshukuru Mungu. Halafu akaona mkono. Akaona nani anaushika, na amekaa wapi.

"Yesu wangu! Anjela! Njiani wametuambia tukasema ni uongo wa watu. Mwanangu, umekaa ubavuni kwa baba?"

Anjela akashtuka kama kamwagiwa maji. Akaanza kuinuka, uso chini, anatafuta pa kukimbilia na chumba chenyewe hakina nafasi. Asukile akakifunga kiganja chake kwenye kifundo cha mkono wa mkwe. Nguvu haikuwepo, hata kifaranga kingechomoka. Lakini Anjela akasimama.

"Kaa," Asukile akamwambia.

"Baba Gerson," mkewe akasema, "watu watasemaje?"

"Waache waseme, mimi nimekatazwa kubeba. Hata maneno yao sibebi." Akavuta pumzi, akaipata yote safari hii. "Kaa hapo, Anjela. Mama yako atatafuta kiti chake."